Radi ya Bamvua

Jambiani, 3 Aprili 2025

Mwanangu Nadra,

Assalaam aleykum. Shangazi yako mzima, ila magoti yananidai kila asubuhi kama wenye duka. Idi tumeila vizuri. Ile nguo uliyoniletea nimeivaa, wakasema imenikaa, ingawa inaonekana wewe unadhani bado nina kiuno nilichokuwa nacho kwenye harusi yako.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu imekunywa tena maji ya chumvi, na jambo hili sitaki kulisema kwenye simu ya Mkubwa pale dukani kwake huku watu wananunua sukari. Barua anaileta Mardhiya, anayekuja mjini na sabuni zetu za mwani.

Masika yameingia. Unakumbuka Ummukulthum, binti wa Bi Tabia, alivyotutoka mwaka jana. Maji yalikuwa yamekupwa, sote tuko mbali kule karibu na mwamba, maji magotini, hakuna mnazi wala ukuta, kila mtu ameinamia kamba zake za mwani. Radi ikashuka. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kupeana kisu. Nilipomgeuza, kanga yake haikuwa hata imeungua.

Tangu hapo wanawake wananitazama mimi, kwa kuwa ndimi mwenyekiti wa kikundi chetu cha mwani. Redio kila siku inasema "mvua za ngurumo katika baadhi ya maeneo". Tukiifuata hiyo tutakaa ndani mpaka masika yaishe. Na bahari haitungoji. Siku za bamvua ndipo maji yanapokupwa sana tukafika mashambani kwetu, na yakiingia maji mafu hatufiki tena mpaka bamvua jengine. Wewe ndiyo kazi yako, unalipwa kutazama mbingu. Basi tutazamie ya kwetu hapa Jambiani, utuambie siku gani ina radi. Sitaki kumzika mwengine.

Shangazi yako,
Sichana


Vuga, Mjini, 7 Aprili 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kiuno changu cha harusi nacho kimekwenda zake, kwa hiyo tuko sawa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitajaribu kukueleza ninachofanya, usije ukadhani napiga ramli.

Radi haianzi na wingu. Inaanza na hewa iliyokosa utulivu. Kila siku tunapata vipimo vya joto na unyevu, kutoka chini hadi kule juu zinakopita ndege, vingine vya puto, vingine vya satelaiti. Mimi kwa hesabu nachukua fungu la hewa ya hapo kwenu, yenye joto na unyevu, nalipandisha juu, kisha nauliza: lina joto kuliko hewa liliyoikuta huko? Ikiwa lina baridi zaidi litarudi chini, na siku itakuwa shwari. Ikiwa lina joto zaidi halirudi, linakwea lenyewe, na mawingu ya radi hujengeka hivyo. Tofauti hiyo tunaiandika kwa namba, na fungu likizidi joto namba huteremka. Ikiwa juu ya sifuri, lala usingizi. Ikiteremka chini ya sifuri, nakaza macho. Ikifika sita chini ya sifuri, chai yangu inapoa mezani.

Kuna na jambo la pili. Mara nyengine juu kidogo hukaa tabaka la hewa ya joto likaziba kila kitu, kama kifuniko cha sufuria. Asubuhi ya namna hiyo mbingu huwa nyeupe na mtu atasema leo siku njema, kumbe chini kunachemka. Kifuniko kikishikilia mpaka jioni, hakuna kitakachotokea. Kikinyanyuka, mambo yanaharibika kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo, shangazi, namba zangu zinasema uwezo, hazisemi ahadi. Naomba uwaambie wenzako hilo mapema.

Kila alfajiri nitampelekea Mkubwa ujumbe aandike kwenye kibao cha dukani kwake. Siku salama ataandika "Jua". Siku ya hatari ataandika "Mvua na radi", nanyi mtajua la kufanya.

Nadra


Jambiani, 18 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Bamvua limekwisha na sisi sote tupo, alhamdulillahi.

Nikuambie kweli, mwanzoni walinicheka. Mkubwa alipotundika kibao chake siku ya kwanza, "Jua", mmoja akasema jua hata kuku wake anajua. Siku ya tatu ukatuandikia "Mvua na radi", na mbingu ilikuwa imetakata. Bi Tabia alikisoma kile kibao akasimama pale muda mrefu. Unajua tena, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikasema tumetaka wenyewe kuambiwa, basi tufuate. Tukajua la kufanya na tukafanya. Kabla ya adhuhuri mvua ikaja kama ilivyoitwa. Radi iliunguruma kwa mbali huko upande wa Makunduchi, haikutufikia. Hakuna hata unyasi mmoja wa mwani ulioharibika!

Sasa hakuna anayecheka. Asubuhi wanapita dukani kabla hata ya kuteka maji, na Mkubwa anajiona kama yeye ndiye aliyeitengeneza hiyo mvua. Mungu akuweke, mwanangu. Nimewaambia wote kuwa wewe nimekubeba mgongoni.

Sichana


Vuga, 22 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimechoka nikapata nguvu. Nimemsomea mume wangu, Tahir, mpaka pale pa mgongoni, akacheka.

Naona raha nikiwawazia mmekaa barazani siku ya radi, mnasuka ukili na kusengenyana, badala ya kuwa kule mwambani. Niambie, mnapumzika kweli, au unawatafutia kazi nyengine?

Jiandaeni na bamvua lijalo. Bahari ina joto kuliko kawaida ya wakati huu, na kila siku hewa ya chini inazidi unyevu. Namba zimeanza kuteremka. Siku mbili tatu zitakuwa mbaya, na nitasema bila kuficha. Mkiona "Mvua na radi", tafadhali msinibishie hata kama mbingu ni nyeupe.

Nadra


Jambiani, 26 Aprili 2025

Nadra mwanangu,

Kukaa barazani! Ukili! Mtoto wa mjini wewe, nimecheka hadi Mardhiya akaniuliza nimeandikiwa nini.

Nani alikuambia siku ya mvua tunapumzika? Hebu nikufundishe na mimi. Mwani ukishakatwa adui yake ni maji ya mvua. Ukinyeshewa juu ya chanja unachuja, unageuka mweupe, na mnunuzi haugusi. Kwa hiyo siku ya jua tunakaa pwani, tunautoa na kuuanika, tunaugeuza kutwa nzima. Siku ya mvua hatuaniki kitu. Ule uliokatwa tunauacha majini kwenye nyavu, hauharibiki, na sisi wote tunashuka baharini kupalilia na kufunga kamba mpya. Mvua itatufanya nini huko? Na ile radi ya kibaoni tunaichukua ni ngurumo tu za mvua; ya kuua ungetukataza wazi. Aliyetota hajui kutota.

Ndiyo maana kibao chako kimetufaa sana. Zamani tulikuwa tunabahatisha, leo nusu pwani nusu baharini. Sasa ukisema jua, wote juu. Ukisema mvua na radi, wote baharini, hakuna anayebaki. Bi Tabia peke yake alisitasita mara ile, nikamwambia Nadra ndiye aliyetutuma, akashuka.

Namba zako ziteremke zipendavyo, sisi tuko tayari. Tuna mwani mwingi uliokwisha kukatwa, na mashamba mawili ya kufunga upya.

Shangazi yako anayekucheka,
Sichana


Kazini, 28 Aprili 2025, asubuhi

Shangazi,

Sijui utaisoma barua hii ukiwa na hali gani, au kama utaisoma. 

Mardhiya ameniachia barua yako getini asubuhi hii. Nilikuwa nimeshampelekea Mkubwa ujumbe tangu alfajiri, "Mvua na radi", na nilikuwa nimejisikia vizuri kwa kuutuma. Namba leo ni saba chini ya sifuri. Tangu masika yaanze sijaiona hivyo. Nikafungua barua yako nikiwa nimesimama, nikafika pale uliposema wote baharini hakuna anayebaki. Nilikaa chini kwenye ngazi, watu wakanipita.

Shangazi, mimi ndiye niliyewatuma. Mara ile ya kwanza mlikuwa majini nyote kwa neno langu, na Bi Tabia akashuka kwa jina langu, na radi ikapita Makunduchi kwa rehema za Mungu tu. Mimi huku nikawa nafurahi.

Nikampigia Mkubwa. Akasema, "Wanashuka sasa hivi, wengine nshawaona ufukweni." Nikamwambia awazuie, kuna radi. Akasema, "Si ndivyo kilivyoandikwa kibao? Ndiyo maana wanakwenda." Nikamwambia radi inaua, hakuna kuingia majini. Akanijibu, "Bibi, niwaambie nini hasa? Mara ile radi mwende, leo radi msende? Watanambia nimelewa." Na huko nyuma yake nilisikia wanawake wanapita wanacheka, na moja ya sauti nadhani ilikuwa yako. Nikamwambia akuite. Akasema umeshavuka barabara.

Maji yalikuwa yanazidi kukupwa. Nilijua muda wa kumwelewesha Mkubwa, na yeye akueleweshe wewe, na wewe uwaeleweshe kina mama wote, sina.

Nikamwambia, "Kimbia. Waambie Nadra amekosea. Leo jua kali kutwa, hakuna mvua wala wingu. Watoe mwani wote walionao waanike."

Akasema, "Haya, hilo watalisikia." Nikasikia ameweka simu juu ya meza, hakuikata. Niliisikiliza meza ile tupu mpaka salio likaisha.

Nimewadanganya. Namba iko palepale, saba chini ya sifuri, na nimewaambia jua. Mbingu hapa ni nyeupe, wenzangu wananiuliza mbona natazama dirisha. Kifuniko bado kimeshika. Kikishika mpaka jioni, mtakuwa mmeanika mwani wenu na mimi nitakuwa nimewadanganya bila sababu, na nitashukuru.

Nimerudi mezani. Kwenye picha ya satelaiti kuna doa jeupe limeota baharini, mashariki yenu kidogo. Tulipotazama mara ya pili limekuwa kubwa maradufu. Kifuniko kimeachia.

Nimeongeza salio nikampigia Mkubwa tena, hapatikani. Sijui kama aliwafikia. Sijui kama ulimwamini. Namsubiri Mardhiya amalize kuuza sabuni Darajani nimpe hii.

Nadra


Jambiani, 28 Aprili 2025, jioni

Nadra,

Leo sikusalimu.

Tulikuwa tumeshalowa magotini Mkubwa alipokuja mbio pwani, ndara mkononi, anapiga kelele: Nadra amekosea, leo jua! Wengine wakasema tuendelee na kazi, bahari tumeshaiingia. Mimi ndiye niliyewarudisha. Nikasema mwanangu akisema jua ni jua, haya wote juu, toeni nyavu. Tukatoa kila kitu, Nadra. Kazi ya wiki sita, mwani wa kikundi kizima, tukautandaza juu ya chanja na pengine tukatandika hadi mchangani kwa vile chanja hazikutosha.

Mvua iliponyesha haikutupa hata nafasi ya kufunika. Tulikuwa tunakimbia na maturubai, upepo unatunyang'anya. Na radi nazo zikawa zinashuka kule mashambani kwetu, pale pale penye vigingi vya Bi Tabia na vyangu, moja baada ya nyengine, masikio yakaziba. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kutazama? Bi Tabia tu. Yeye alikaa chini mvuani, akaikodolea macho bahari, akakataa kuinuka, ikabidi sisi tuhangaike na mwani wake. Nadhani amemkumbuka mtoto wake.

Mwani wote tuliokata umekwenda. Umekuwa mweupe kama tambi. Mnunuzi anakuja Alkhamisi na nitamwonyesha nini? Kuna watu hapa walikuwa wamengojea huu kwa ada za watoto. Wananitazama mimi, na ni bora wangenitukana.

Asubuhi ulisema mvua, ukageuka ukasema jua. Kama hujui, sema hujui. Njia ya mwongo fupi, Nadra, na yako imeishia kwenye chanja zetu. Usimwandikie tena Mkubwa. Kibao nimekigeuza uso kwa ukuta. Barua hii nampa dereva wa gari la alfajiri, Mardhiya bado hajarudi.

Sichana


Vuga, 30 Aprili 2025

Shangazi,

Barua yako ya hasira nimeipata. Nimeisoma, nikaibusu, nikaisoma tena. Umenitukana kwa mkono wako mwenyewe, basi uko hai. Bi Tabia alikaa mchangani, basi yuko hai. Hilo tu ndilo nililolitaka siku ile.

Barua yangu nadhani imepishana na yako njiani. Isome, kisha nihukumu. Sina la kusema kuhusu mwani wenu. Nililijua wakati nasema jua, nilijua nawatoa kwenye radi nawaingiza kwenye hasara, na nikasema.

Mkuu wangu wa kazi nimemweleza yote. Aliniuliza swali moja: "Na siku utakapowaambia kweli, nani atakuamini?" 

Nadra


Jambiani, 2 Mei 2025

Mwanangu Nadra,

Assalaam aleykum warahmatullah. Salamu ya barua iliyopita naileta na hii, uzipokee zote mbili.

Barua yako niliisoma peke yangu chumbani, na sikutoka mpaka mtu alipobisha hodi. Jioni nikawakusanya kina mama kwenye banda nikawasomea. Nilipofika pale pa meza tupu ya Mkubwa nilishindwa, akanipokea Mardhiya akamaliza.  Kisha Bi Tabia akasema, "Mie nlijua. Nliziona zinaposhuka. Nlikuwa nahesabu nani angekuwa wapi." Akatutaja, kila mtu na kamba zake, nani angekuwa ameinama wapi. Aliponitaja mimi nilimwomba anyamaze.

Yale maneno ya mwongo nimeyala, na yamekuwa machungu. Nikuambie na haki yako: hata ungetuambia radi tu, bila ya mvua, asubuhi ile, tungeshuka majini. Tulikuwa hatujui kuzitenganisha. Mimi niliyemgeuza Ummukulthum kwa mikono yangu nilikuwa sijui.

Lakini nisikilize. Usitudanganye tena. Hata kwa kutuokoa. Wako waliosema jioni ile: sasa tukiambiwa jua, tutajuaje? Hawana kosa. Tumekubaliana hivi. Mkubwa atakuwa na vibao viwili, cha mvua mbali na cha radi mbali. Kikitoka cha mvua, hayo yetu tunayajua. Kikitoka cha radi, hashuki mtu, hata maji yakupwe mpaka kule kwa papa. Atakayeshuka hatutamfungia kamba. Nimekigeuza kibao uso nje. Mwandikie.

Sichana


Vuga, 10 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi na nimeogopa kwa pamoja, na acha nikuambie ninachokiogopa.

Bamvua linaingia na namba zimerudi chini ya sifuri. Kifuniko nacho ni kizito, hata mimi sijui kama kitaachia. Nitatoa kibao cha radi, kwa sababu ndiyo kweli ya hesabu zangu. Lakini inawezekana mkakaa pwani siku zote za maji kukupwa, jua likawaka, bahari ikawa tulivu, na radi isionekane. Mwani wenu uliobaki utakatika kwenye kamba mnautazama. Mmetoka kwenye hasara moja, nami nawaomba muingie nyengine kwa kitu ambacho pengine hakitatokea. Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyo, nami sijui kuifanya iwe nyepesi kwenu.

Mtanivumilia mara ngapi?

Nadra


Jambiani, 17 Mei 2025

Mwanangu Nadra,

Marahaba. Bamvua limekwisha jana, sasa ni maji mafu.

Ulitoa kibao cha radi, na siku ya pili ukakitoa tena. Tulikaa. Mbingu nyeupe, bahari imelala, maji yamekupwa vizuri kuliko mwezi uliopita, unaona hadi vigingi. Kina mama walikaa ukutani kwa Mkubwa wanaitazama kazi yao. Mmoja alifunga kanga kiunoni akateremka hadi majini, Bi Tabia akamfuata akasimama mbele yake.  Wakarudi wote wawili.

Siku ya pili jioni bado hakuna radi. Mkubwa akaanza maneno yake, eti hata yeye angeweza kutabiri hivyo. Mwani uliokuwa umekomaa umekatika, maji yameuchukua, mwengine tumeuokota ufukweni umeoza. Kuna mtu nyumbani kwake wiki hii wanakula muhogo mtupu, na anakutaja kila anapoumenya.

Uliuliza tutakuvumilia mara ngapi. Sijui, sikuwauliza. Ninachojua ni kwamba wanakulaumu, Nadra, wote. Leo baada ya alasiri nimepita nyumba kwa nyumba nikawasikiliza lawama zao, nikawahesabu wanaokulaumu mmoja mmoja, na hakuna aliyepungua; sijamzika mwengine.

Shangazi yako,
Sichana